Moshi wa Mdalasini Nyumbani kwa Juliana

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, najua mmeamkia hata kama sijawasikia. Ni mimi Bibi Rahel, na huu ndio wakati wetu wa kuwakumbuka waliotutangulia. Kama una chungu jikoni, kipunguzie moto, uje ukae karibu na redio.

Leo tunamkumbuka Juliana. Juliana, mke wa Benedikto, mama yake Furaha. Alifariki masika haya, kijijini kwao, juu ya Kinole, katika milima yetu ya Uluguru. Jina la kijiji familia imeniomba nisilitaje, na nimekubali. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Juliana, mke wa Benedikto.

Nilipanda huko mwenyewe. Nilizungumza na Benedikto. Nilizungumza na Furaha, binti yao wa pekee, aliyekuwa anauza vitunguu Dumila. Nilizungumza na jirani yao Hidaya, na wengine ambao nitawataja. Wote walisema neno moja, hata wale waliomkosea: Juliana alikuwa mtu wa sala.

Juliana alizaliwa kwenye mteremko uleule alikozikwa. Ardhi ni ya ukoo wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Benedikto alitoka upande wa Matombo, akaoa, akahamia kwa mke. Walilima mdalasini na pilipili manga, na walikuwa na mikarafuu michache. Benedikto alikuwa mpandaji hodari. Msimu wa karafuu, watu walikuwa wanamwita toka vitongoji vingine.

Benedikto akipanda, Juliana alikuwa anasimama chini ya mti anasali. Furaha ananiambia kwamba baba yake alikuwa anamtania kutoka juu.

"Mama Furaha! Unaniombea mimi au unaziombea karafuu?"

"Karafuu," Juliana anajibu. "Wewe ukianguka nitaolewa tena. Zikianguka karafuu nitakula hasara."

Wanacheka, huyu juu, yule chini.

Halafu siku moja tawi likakatika. Benedikto alianguka chali, mgongo ukapiga jiwe. Alipelekwa mjini Morogoro, akalazwa hospitali, akarudishwa nyumbani. Miguu haikuamka tena. Huu ni mwaka wa sita yuko kitandani.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nieleze kidogo kwa ndugu zetu Waislamu, maana mko wengi mnaotusikiliza. Wakristo wa kule wana jumuiya. Jumuiya ni majirani wachache wanaokutana kila wiki kusali, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Ukiugua, jumuiya inakuja. Ukifiwa, jumuiya inakuja. Na ukifa, jumuiya ndiyo inayosema kama ulikuwa mwenzao, uzikwe kwa sala za kanisa. Kwa hiyo si jambo dogo.

Mwanzoni walikuja. Lazima niseme hivyo, maana ni haki yao. Walileta kuni. Walileta mayai. Mama mmoja alifua mashuka ya mgonjwa mtoni, tena zaidi ya mara moja, bila kuombwa. Mwenyekiti wao, Bwana Tomasi, alishona upya godoro kwa mkono wake. Mwanamume kushona godoro la jirani, hilo nalo ni jambo la kukumbukwa.

Lakini mtu akilala muda mrefu, mwili unachubuka. Benedikto alipata vidonda vya mgongoni. Juliana aliviosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Alimgeuza ubavu huu, alimgeuza ubavu ule. Vidonda havikupona. Vikatoa harufu.

Siku moja, katikati ya sala, mama mmoja alitoka nje mbio, akatapika kwenye migomba. Benedikto alimsikia. Wote walimsikia.

Zamu ya nyumba ya Juliana iliporudi, ikarukwa. Bwana Tomasi alisema, "Tumwache mgonjwa apumzike." Ikarudi tena, ikarukwa tena.

Benedikto akawa anauliza.

"Mama Furaha, mbona hawaji?"

"Mvua, mume wangu. Njia inateleza."

Baadaye akauliza tena.

"Watu wako kwenye mavuno," akasema Juliana.

"Mvua imekwisha," Benedikto akamwambia. "Mavuno nayo yamekwisha. Ni harufu. Hata mimi inanifikia."

Juliana akamshika mkono. Akamwahidi. "Watakuja kusali humu ndani. Nitawaleta mimi mwenyewe."

Shikeni ahadi hiyo, wasikilizaji wapendwa. Benedikto hakuomba atembee tena. Hilo alikuwa ameliacha. Alitaka kitu kimoja tu: jumuiya waje wasali naye, ndani ya nyumba yake, kabla hajafa. Na Juliana aliahidi.

Basi Juliana akafikiri kwa akili ya mkulima. Tatizo ni harufu. Na yeye nyumbani ana nini? Ana mdalasini. Kila ukimenya mdalasini kuna maganda yanayovunjika, hayafai kuuzwa. Akayakusanya kwenye gunia. Zamu yake ilipokaribia, alimwendea Bwana Tomasi, akamwomba nyumba yake isirukwe, akasema harufu ameishughulikia. Bwana Tomasi akakubali.

Siku yenyewe alimvalisha Benedikto shati jeupe. Akamkalisha, akamwegemeza kwenye magunia mawili. Akachemsha magimbi, akapika chai. Akaenda kwa Hidaya kuomba makaa, maana kuni zake zilikuwa mbichi. Hidaya ni Mwislamu, nyumba yake imepakana na ya Juliana. Akampa makaa kwenye kigae cha chungu. Juliana akayafunika kwa maganda ya mdalasini na vikonyo vya karafuu, akakizungusha kigae chumba kizima. Chini ya kitanda. Nyuma ya mlango. Moshi ukajaa, ukatoka dirishani.

Hidaya anasema, "Bibi, ilinukia kama nyumba ya harusi."

Wasikilizaji wapendwa, jumuiya walikuwa wanapanda. Walipofika kwenye kijito, chini ya nyumba, waliuona moshi. Waliisikia harufu. Na wakamwona Juliana kupitia dirisha, anazunguka na kigae cha makaa mkononi, midomo inacheza.

Sisi tuliokulia milima hii tunajua nani anazunguka nyumba ya mgonjwa na kigae cha makaa, huku midomo inacheza. Ni mganga. Hivyo ndivyo mganga anavyofukiza. Ndivyo walivyodhani wao. Midomo ya Juliana ilikuwa inasali, lakini kutoka kijitoni husikii maneno.

Bwana Tomasi akasimama. "Humo ndani wanaagua," akasema. "Tugeuke."

Wakageuka. Wakaenda kusali nyumba nyingine.

Juliana alikaa mlangoni. Chai ilipoa, akaipasha moto. Ikapoa tena. Benedikto naye aliegemea magunia yake mpaka mgongo ukamshinda, lakini alikataa kulazwa. "Wasije wakanikuta nimelala," alisema.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Juliana alimfuata Bwana Tomasi nje ya kanisa dogo la kijijini. Watu walikuwa wengi.

"Kaka Tomasi, tuliwangoja."

"Ulimngoja mganga wako, Mama Furaha. Sisi tulipita tukakuacheni na kazi yenu."

"Mganga gani? Ule ulikuwa mdalasini. Nilitaka kuondoa harufu ili mkae vizuri."

"Mdalasini unatiwa kwenye chai."

Watu wakacheka. Juliana akasema, "Padri akifukiza ubani ni ibada. Mimi nikifukiza mdalasini ni uganga?"

"Padri ana daraja takatifu," akasema Bwana Tomasi. "Wewe una kigae."

Hapo walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Toka siku hiyo wapo waliomwita Mama Kigae. Watoto nao wakalichukua jina. Akienda kisimani wanamwita kwa mbali: Mama Kigae, tufukizie na sisi!

Akaambiwa asipokee komunyo mpaka atubu mbele ya jumuiya kwamba alileta mganga. Akitubu, jumuiya watarudi nyumbani kwake. Bwana Tomasi alimwambia waziwazi: "Sema tu kwamba ulikosea, wiki ijayo tunakuja."

Juliana akakataa. Alimwambia Hidaya, "Nikitubu jambo ambalo sikulifanya, hiyo sala yao itaanzia kwenye uongo. Nitaomba nini baada ya hapo?"

Benedikto akamsihi. Amenieleza mwenyewe, kichwa amegeuzia ukutani. "Nilimwambia, sema tu, mke wangu. Neno ni upepo. Nataka waje. Akasema, Benedikto, usinitume huko. Tukakaa siku kadhaa hatuzungumzi."

Basi wakabaki wawili na Mungu wao. Asubuhi, kabla hajawasha moto, Juliana alipiga magoti kando ya kitanda. Hidaya alikuwa anamsikia, maana ukuta ni wa udongo. Anasema sala ya asubuhi ilikuwa fupi: "Mungu, leo nipe mikono. Kesho nitarudi kuomba tena." Anageuza mume, anaosha vidonda, anakwenda shamba. Jioni walisali wote wawili, Benedikto anaitikia. Halafu Juliana alikuwa anawataja watu wa jumuiya kwa majina, mmoja mmoja, na shida zao. Huyu mguu. Yule mtoto wake haonekani. Bwana Tomasi, presha yake.

"Alikuwa anamtaja huyo?" nilimwuliza Hidaya.

"Wa kwanza kabisa, bibi. Mimi nasonya huku upande wangu, yeye anamwombea kule."

Nisisahau mema. Hidaya alimgeuza Benedikto kila Juliana alipokuwa shamba. Na katika jumuiya alikuwepo mtu, hatumjui hadi leo, aliyekuwa anaacha ndizi nyuma ya jiko alfajiri na kuondoka bila kubisha hodi. Huenda unanisikiliza. Asante, mwenzangu. Lakini na wewe, ndugu yangu, ungebisha hodi.

Masika ya mwaka huu Benedikto alidhoofika. Alikataa uji. Akasema, "Mama Furaha, uliniahidi."

Juliana alijitanda khanga akatoka kwenye mvua. Alimwambia Hidaya mlangoni, "Niangalizie. Nakwenda kusema nilichotakiwa kusema."

Narudia, wasikilizaji wapendwa, maana hapa ndipo penyewe. Juliana alikuwa hajaleta mganga. Alikuwa amekataa kusema uongo huo. Sasa alikwenda kuusema, kwa ajili ya mume wake.

Jumuiya walikuwa wamekutana nyumbani kwa Bwana Tomasi. Juliana aliingia amelowa, akapiga magoti kwenye mkeka wa watu. Akasema, "Nilikosea. Nilileta mganga. Nisameheni, mje msali na mgonjwa wangu."

Bwana Tomasi akasema, "Vizuri. Mtaje."

"Nani?"

"Huyo mganga. Toba bila kumtaja ni nusu toba. Tujue ni nani anayeingia majumbani mwa watu wetu."

Mtakumbuka, hakukuwa na mganga. Lakini ng'ambo ya bonde anaishi mzee mmoja anayeuza mizizi ya tumbo na meno. Wengine pale mkekani wakaanza kumsaidia: Ni yule mzee wa ng'ambo, sivyo? Sema tu ni yeye. Lilikuwa neno moja. Alipaswa kuitikia tu.

Mama mmoja aliyekuwepo ameniambia Juliana aliwatazama mmoja mmoja. Akasema, "Mimi nimejisingizia mwenyewe, kwa sababu ni mimi. Yule mzee ana wajukuu. Simtaji."

"Basi hujatubu," akasema Bwana Tomasi.

Juliana akainuka. Hakuna aliyempa khanga kavu. Akapanda mlima kwenye mvua ileile.

Alipofika, Benedikto alimwuliza, "Wanakuja?"

"Bado," akasema Juliana.

Kesho yake alishikwa na homa. Kifua kikabana. Kichomi. Barabara ya kushuka ilikuwa imekatwa na udongo ulioporomoka, pikipiki hazipiti. Vijana wa upande wa Hidaya walifunga machela ya miti, wakamshusha kwa miguu hadi zahanati, wakipokezana, wala hawakumdai mtu kitu. Kule alipewa dawa, lakini alikuwa amechelewa. Furaha alitoka Dumila, akaja hadi zahanati. Alimkuta mama yake bado anasema.

"Aliniambia, mgeuze baba yako," Furaha ananisimulia. "Nikamwambia, mama, baba yuko nyumbani, hapa ni zahanati. Akasema, mgeuze tu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Maiti ikapandishwa nyumbani. Furaha akaenda kwa Bwana Tomasi kuomba mama yake azikwe kwa sala. Hidaya akafuatana naye. Padri hufika kijijini kule mara moja kwa mwezi, na njia ilikuwa bado imekatwa. Katekista naye alisema hatakwenda bila neno la jumuiya. Kwa hiyo neno lilikuwa la Bwana Tomasi.

"Mama yako hakutubu," akasema.

Hidaya akadakia. "Hakukuwa na mganga! Makaa yale yalitoka jikoni kwangu. Nilimpa mimi kwa mkono huu. Kama ni uganga, basi mganga ni mimi, nitaje!"

"Wewe Hidaya hujui mambo ya kanisa."

"Ya kanisa siyajui. Ya makaa nayajua."

"Ushahidi wako tumeusikia, lakini wewe si wa jumuiya," akasema Bwana Tomasi. Akafunga mlango taratibu.

Nami nilimtafuta Bwana Tomasi, wasikilizaji wapendwa, maana si vizuri kumsema mtu bila kumsikiliza. Alinipokea kwa heshima. Aliniamkia, akanifutia kiti kwa mkono wake. Nilimwuliza kama anaamini hadi leo kwamba kulikuwa na mganga. Akatazama miguu yake.

"Bibi," akasema, "nikisema leo kwamba hakukuwa na mganga, nitasema nini juu ya kila nilichokifanya?"

Nilipoondoka alinipa machungwa ya njiani.

Basi, wakamzika. Kaburi lilichimbwa kando ya nyumba na Waislamu, vijana walewale wa machela. Wanawake waliomwosha waliongozwa na Hidaya. Watu wa jumuiya walikuja hadi njia ya juu, wakasimama huko na miavuli, wakitazama. Wengine walikuwa wanalia. Hakuna aliyeteremka.

Ikabidi Furaha asalishe mwenyewe. Alianza Baba Yetu. Mwanzoni alikwenda vizuri, halafu akaanza kulia, maneno yakapotea. Hidaya akamsogelea akamnong'oneza neno linalofuata. Yeye hasali sala hiyo, lakini ameisikia ukutani miaka yote hiyo. Furaha akasema neno lile. Akakwama tena, Hidaya akamkumbusha tena. Wakaenda hivyo, hatua kwa hatua.

Wakafika mahali pale tunapoomba tusamehewe, kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea. Furaha akanyamaza.

Hidaya akamkumbusha.

Furaha akainua macho, akatazama ile miavuli kule juu.

"Mama yako alikuwa anapasema hapo," Hidaya akanong'ona. "Hata yeye alikuwa anasimama kidogo, halafu anaendelea. Endelea, mwanangu."

Furaha hakuendelea. Akasema, "Amina." Akachukua jembe toka kwa kijana, akaanza kufukia yeye mwenyewe.

Ndipo sauti ya Benedikto ikatoka dirishani. Alikuwa amelala humo ndani peke yake. Alisikia miguu ya watu wengi. Alisikia Baba Yetu.

"Mama Furaha!" akaita. Alikuwa amejisahau, maskini. "Mama Furaha! Jumuiya wamekuja?"

Kule juu miavuli ilisikia. Hawana namna ya kusema hawakusikia.

Furaha akajibu bila kuacha kufukia. "Hapana, baba. Ni sisi tu."

Wasikilizaji wapendwa, ndiyo habari ya Juliana, mke wa Benedikto. Aliomba mikono kila asubuhi, na kila asubuhi alipewa. Hilo mimi naliamini. Alichonyimwa alinyimwa na watu, nasi tusimsingizie Mungu.

Kwa niaba ya wote wanaonisikiliza, nampa pole Furaha. Mwanangu, ile sala uliikatisha, na mimi sikulaumu. Pole Hidaya. Pole vijana wa machela, kazi yenu imeonekana.

Pole sana kwako, Benedikto. Nilipokuwa kwako nilikuuliza kama tusali wote, ukanijibu, "Tusali, bibi, asante. Lakini wewe ni mgeni. Mimi nawataka wa kwetu." Tukasali, na kila mlango ukigongwa na upepo wewe ulikuwa unageuza kichwa.

Nanyi mlio kwenye jumuiya, na mlio misikitini, na mlio vikundi vya kuzikana, popote mlipo: kaeni leo mjiulize. Ni nyumba gani mnairuka? Mnasemaje mnapoiruka? Mgonjwa apumzike, siyo? Njia inateleza?

Na ninyi watu wa kijiji kile, mnajijua, sikuwataja. Zamu ya wiki hii sijui iko kwa nani. Benedikto bado yu hai. Furaha amerudi toka Dumila kumwangalia. Nilipomuaga binti huyo, aliniambia kila siku ya jumuiya baba yake anaagiza avalishwe shati jeupe, na yeye anamvalisha.